Kabla Hujameza Kidonge cha Maumivu

Umeme umekatika, unapapasa kutafuta simu, ugoko unakutana na tendegu la kitanda. Hapo hutokea mambo matatu, na hayafiki kwa pamoja. Kwanza unajua umegusa kitu kigumu. Mara tu baada ya hapo unapigwa na maumivu makali, ya kuchoma, yanayokufanya uruke na kutamka neno ambalo usingependa watoto walisikie. Kisha, wakati umeshaushika mguu kwa mikono miwili, linafika wimbi la pili: zito, la kuunguza, lisilo na mahali pamoja. Hilo ndilo litakalokukalisha kitandani dakika kadhaa ukijisugua.

Sababu iko kwenye mishipa ya fahamu. Inayobeba habari ya kuguswa ni minene na imevikwa utando wa mafuta. Habari hupita humo kwa kasi ya mita 35 kwa sekunde au zaidi. Inayobeba yale maumivu ya kwanza ni myembamba, utando wake hafifu, na kasi yake ni kati ya mita 5 na 30. Ya wimbi la pili haina utando huo kabisa. Habari hutambaa humo mita moja hivi kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, na kutoka ugokoni hadi kwenye uti wa mgongo inachukua karibu sekunde nzima.

Nimeanza na ugoko kwa sababu unaonyesha jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii tunapoingia duka la dawa: maumivu husafiri. Taarifa ya kuumia huanzia kwenye ngozi, msuli au mfupa, hupanda kwa uti wa mgongo, na ni ubongo unaoamua itauma kiasi gani. Kila kinachotuliza, kiwe kidonge, barafu, mkono wa mama au sindano ya ganzi, huikatiza mahali fulani njiani. Ukijua ni wapi, utajua pia ni lini hakitakusaidia. Na nina dukuduku langu, afadhali niliseme mapema: huku kwetu tunameza vidonge kwa maumivu ambayo yangepoa yenyewe, halafu tunamwambia mgonjwa wa saratani ajikaze.

Turudi kwenye kule kujisugua. Hakuna aliyekufundisha, na kunasaidia kweli. Mwaka 1965 Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango. Habari ya kuguswa, inayowahi kufika, hulirudisha lango hilo na kuibana ile ya maumivu isipite yote. Baadhi ya vipengele vya maelezo yao vilirekebishwa baadaye, lakini wazo lenyewe limebaki na lina kazi nyumbani.

Kazi mojawapo ni siku ya chanjo. Mtoto asilazwe chali mezani akiwa ameshikwa miguu na mikono. Mpakate, awe wima, ngozi yake iguse yako. Anayenyonya apewe ziwa kabla sindano haijaingia na aendelee kunyonya inapoingia. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 kuhusu maumivu ya chanjo unasema hivyo hivyo, na haugharimu hata senti. Mkubwa kidogo mpapase mkono, mwulize habari za paka wa jirani, mwambie apulize. Ila usimwambie haitauma. Itauma kidogo, na safari ijayo hatakuamini, wewe wala nesi.

Ngozi yenyewe haihisi sawasawa kila mahali. Chukua vijiti viwili vya kuchokolea meno, vishike pamoja, ncha ziachane kwa milimita 3 hivi, na umguse mtu kwenye ncha ya kidole akiwa amefumba macho. Atakwambia ni viwili. Mguse mgongoni kwa vijiti hivyo hivyo, ataapa ni kimoja; mgongoni huenda ukahitaji kuviachanisha karibu sentimita 4 ndipo avitofautishe. Vidole vimejaa vipokezi vya mguso, mgongo umepewa vichache. Viungo vya ndani ndivyo hafifu kabisa kwa kujitambulisha, na hapo ubongo hukosea anwani. Moyo unaokosa damu unaweza kuuma kwenye taya au mkono wa kushoto. Nyongo huweza kuuma begani kulia. Kidole tumbo mara nyingi huanza kuuma kitovuni kabla ya kuhamia chini kulia.

Kwa hiyo kifua kikibana kama kimekaliwa na kitu kizito, jasho jembamba likatoka, na maumivu yakapanda shingoni au kushuka mkononi, hicho si kichomi cha kuchuliwa. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Kwa wanawake, na kwa wenye kisukari, shambulio la moyo linaweza kuja bila maumivu makubwa: kichefuchefu, pumzi kukata, uchovu usioeleweka.

Sasa tuingie jikoni. Mwaka 1997 maabara ya David Julius huko California iligundua kipokezi kinachohisi pilipili. Kilichowashangaza watu ni kwamba kipokezi hicho hicho huamshwa na joto linalozidi nyuzi 43 hivi, yaani kiwango ambacho joto huanza kuumiza. Pilipili kichaa haijaunguza ulimi; imebonyeza kengele ya moto na ubongo ukaamini. Julius alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, aliyegundua vipokezi vinavyohisi mgandamizo. Ukizidiwa na pilipili achana na maji, kunywa maziwa au mtindi, kwa sababu kinachowasha kwenye pilipili kinayeyuka kwenye mafuta na hakichanganyiki na maji.

Mentoli iliyomo kwenye dawa nyingi za kuchua hufanya kazi kwa namna hiyo, ila yenyewe hubonyeza kengele ya baridi. Kwa msuli uliochoka baada ya kulima au kubeba mizigo zinafaa. Usizipake kwenye kidonda, usifunge bendeji juu yake, na usimpake mtoto mchanga puani. Zinabadilisha habari kwenye ngozi tu. Kama mfupa umevunjika, umevunjika vile vile.

Na mtu akiungua kweli, kinachotuliza na kinachotibu ni kitu kimoja: maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, hata kama mtoto analia. Barafu inaidhuru ngozi iliyokwisha kuumia. Dawa ya meno, yai, samli na unga wa ngano vinamwongezea daktari kazi ya kuvibandua.

Karafuu nayo ina sifa yake. Watu wa Unguja na Pemba hawahitaji kuambiwa, na madaktari wa meno duniani kote huchanganya kiini cha mafuta yake, eujenoli, na oksidi ya zinki kutengeneza dawa ya kuzibia jino kwa muda. Kiini hicho hutia ganzi. Jino likikuamsha usiku wa manane, dondoshea pamba tone moja la mafuta ya karafuu, iweke kwenye tundu la jino, si kwenye ufizi, kwa kuwa mafuta hayo yakiwa mazito huunguza. Watoto wadogo wasipewe. Umenunua usiku mmoja tu wa usingizi. Tundu bado lipo. Shavu likivimba, homa ikipanda, au mdomo ukashindwa kufunguka vizuri, usingoje Jumatatu.

Kwa kifundo cha mguu kilichoteguka, saa 48 za mwanzo ni za baridi: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hivi kila mara, mguu ukiwa umeinuliwa. Kukanda kwa maji ya moto na kuchua kwa nguvu siku ile ile huongeza uvimbe. Asiyeweza kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea, apigwe picha kwanza. Maji ya moto yana wakati wake: misuli iliyokaza, mgongo wa siku nyingi, tumbo la hedhi. Mwenye selimundu ni habari nyingine kabisa. Baridi inaweza kumletea maumivu makali zaidi, kwa hiyo barafu asiguse. Afunikwe, anywe maji mengi, na yakizidi asicheleweshwe nyumbani.

Vidonge vinastahili nafasi kubwa kidogo, kwa sababu ndipo tunapojiumiza zaidi.

Mahali palipojeruhiwa hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo huvifanya vipokezi vya maumivu viwe vyepesi kupiga kelele, na ndiyo maana jipu huuma hata likiguswa na kanga. Aspirini ilianza kuuzwa mwaka 1899, lakini ilibidi kusubiri hadi 1971 ndipo John Vane, mtafiti wa London, alipoonyesha kwamba huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Ibuprofeni na diklofenaki hufanya vivyo hivyo. Shida ni kwamba prostaglandini hizo hizo hulinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Ukizizima kwenye goti, umezizima na tumboni.

Ndiyo sababu mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu, shinikizo la damu lisilotulia au pumu inayochochewa na dawa hizi hapaswi kuzinunua bila kuuliza. Mjamzito azikwepe, hasa baada ya wiki ya 20, isipokuwa daktari anayejua hali yake amempa. Mwenye afya njema azimeze baada ya kula, kwa siku chache. Wapo wanaodhani sindano ya diklofenaki inalinusuru tumbo kwa kuwa haikupitia mdomoni. Hailinusuru; dawa inafika huko kupitia damu. Na sindano ya takoni ikichomwa vibaya inaweza kuugusa mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu. Kama unaweza kumeza, meza.

Dawa hizi zina mahali pake pazuri, na maumivu ya hedhi ni mojawapo. Yanaletwa na prostaglandini za mji wa mimba wenyewe, kwa hiyo ibuprofeni huyashughulikia kwenye chanzo, na hufanya vizuri zaidi ikianzwa mara maumivu yanapochungulia kuliko binti akishajikunja sakafuni. Akina mama, shangazi na walimu, kumwambia kila mwanamke anapitia hayo si tiba. Binti anayekosa shule kila mwezi apelekwe kwa daktari wa wanawake.

Parasetamoli ni mpole kwa tumbo, na watu wakaichukulia kama pipi. Mtu mzima mwenye afya hapaswi kuzidisha vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na mwenye mwili mdogo au anayekunywa pombe sana apewe pungufu. Ikizidi inaharibu ini, na hatari yake ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza kujisikia yuko sawa. Aliyemeza nyingi akimbizwe hospitali kabla hajaanza kuumwa. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake na kwa kipimo kilichokuja na chupa. Kijiko cha chai cha nyumbani kwako si sawa na cha jirani. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16 pasipo agizo la daktari.

Na hapa ndipo penye mtego. Muuzaji anakata karatasi ya vidonge kwa mkasi, anakutilia vinne kwenye kibahasha, anaandika 1×3. Jina la dawa limebaki kwenye kile kipande alichokirudisha kabatini. Ukifika nyumbani una dawa ya mafua yenye parasetamoli ndani, una kidonge mchanganyiko cha diklofenaki na parasetamoli, na juu yake unaongeza panadol mbili kwa ajili ya kichwa. Umekunywa dawa moja mara tatu na hujui. Mwambie aandike jina la kila kilichomo, si la biashara tu. Ni haki yako, na muuzaji mzuri hakasiriki.

Homa ya ghafla yenye maumivu ya viungo na nyuma ya macho, wakati dengi imetajwa mjini kama ilivyokuwa Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, itulizwe kwa parasetamoli pekee. Aspirini na jamaa zake huongeza hatari ya kutoka damu. Na kapime malaria pia, usibahatishe.

Kichwa kinachouma karibu kila siku kina kisa chake cha ajabu. Mtu akimeza dawa za kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, dawa zenyewe huanza kuleta kichwa. Kwa zile zilizochanganywa na kafeini au kodeini, siku 10 zinatosha. Anameza zaidi, kinauma zaidi. Njia ya kutoka ni kuziacha, kwa kusimamiwa na daktari, na wiki za mwanzo ni ngumu.

Tumefika ubongoni sasa. Mwaka 1944, kwenye mapigano ya Anzio huko Italia, daktari wa jeshi la Marekani Henry Beecher aliwauliza wanajeshi waliojeruhiwa vibaya kama wanataka dawa ya maumivu. Robo tatu hivi walisema hapana. Baada ya vita aliwalinganisha na raia waliotoka kwenye upasuaji, wenye majeraha madogo zaidi, na wengi wao waliitaka. Kwa mwanajeshi, jeraha lilikuwa tiketi ya kurudi nyumbani hai; kwa raia lilikuwa mwanzo wa balaa. Mwaka 1978 watafiti wengine wa Marekani waliwapa watu waliong'olewa meno sindano isiyo na dawa. Baadhi walipata nafuu, na nafuu hiyo ikapungua walipopewa kizuizi cha mofini. Maana yake mwili wenyewe ulikuwa umemwaga kemikali zake zinazofanana na mofini, kwa kuamini tu kwamba umetibiwa.

Kwa hiyo hofu huongeza maumivu na maelezo mazuri huyapunguza, bila mtu kuwa mwongo wala mwoga. Ndugu akikwambia mgongo unamuuma na picha haionyeshi kitu, usimshuku. Maumivu ya miezi mingi huweza kuendelea ingawa jeraha lilishapona, kwa kuwa mishipa imezoea kupiga kelele. Mgongo wa namna hiyo haupendi kitanda. Atembee, kila siku kidogo zaidi ya jana, alale vizuri, afanye kazi anazoziweza. Maumivu ya mgongo ya ghafla kwa wengi hupungua ndani ya wiki chache bila picha yoyote. Ishara za kukimbilia hospitali ni hizi: miguu kuishiwa nguvu, ganzi sehemu unayokalia, mkojo au choo kugoma au kutoka bila kujua. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda navyo visipuuzwe, maana kifua kikuu hukaa hata kwenye pingili za mgongo.

Kuna wanaotamani wasihisi maumivu kabisa. Wamwone mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi, au aliyepata ukoma kabla ya kutibiwa. Anakanyaga msumari asubuhi, anauona jioni. Kama una kisukari, kila usiku geuza nyayo uziangalie kwenye kioo au mwombe mtoto aziangalie, kung'uta kiatu kabla ya kuvaa, pima maji ya kuoga kwa kiwiko, usitembee peku hata uani. Kidonda kisichouma ndicho kinachokatisha mguu.

Mwisho ni wale tunaowaambia wajikaze. Tumelelewa hivyo: kijana jandoni asitikise hata kope, mama kwenye uzazi asipige kelele. Kwa saa moja, mtu anaweza. Kwa saratani iliyofika kwenye mifupa, kujikaza hakumsaidii yeyote, na maumivu yanamnyima usingizi, chakula na hamu ya kuongea na wanawe.

Mofini ya maji ipo kwa ajili hiyo. Hufanya kazi kwenye uti wa mgongo na ubongo, pale pale zinapofanya kazi zile kemikali za mwili wenyewe. Uganda ni mfano mzuri: Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, kituo cha kuwahudumia wagonjwa kama hao, mwaka 1993, na tangu 2004 sheria huko inawaruhusu manesi waliosomea kazi hiyo kuiandika, kwa hiyo mgonjwa wa kijijini hahitaji kusafirishwa hadi kwa daktari kila dozi inapoisha. Kenya, kituo cha namna hiyo, Nairobi Hospice, kilifunguliwa 1990. Ukiwa Tanzania, waulize hospitali ya mkoa au ya rufaa kuhusu tiba shufaa, kwa jina hilo, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu mwenye ugonjwa mzito.

Familia huogopa mambo mawili. La kwanza ni kwamba akianza mofini ndiyo anaagwa. Wapo wanaoitumia kwa miezi mingi wakiwa wameketi barazani na wenzao. La pili ni uraibu. Anayepewa kwa kipimo, kwa ajili ya maumivu halisi, akifuatiliwa na wahudumu, hatari yake ni ndogo. Mwili huizoea na haipaswi kuachwa ghafla, ila hilo ni tofauti na mtu kuitafuta usiku kucha mitaani. Chupa ifungiwe kabatini mbali na watoto, na asipewe mwingine hata kama naye anaumwa.

Ushauri ambao Shirika la Afya Duniani limekuwa likiutoa tangu 1986 ni kuipa kwa mdomo na kwa saa. Kwa saa maana yake msingoje alie. Mofini ya maji kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa nne. Atakayemwuguza aweke kengele ya simu na aandike kwenye daftari saa aliyompa na kiasi. Maumivu yakitokeza kabla ya saa kufika, piga simu kwa muuguzi aongeze kipimo, usijiongezee mwenyewe. Siku za mwanzo atasinzia, na huenda akatapika. Mara nyingi hupita. Kisichopita ni kufunga choo, kwa hiyo siku ile ile mnayopewa mofini ombeni na dawa ya kulainisha choo, na msiondoke kwenye dirisha la dawa bila hiyo.